Sura ya Nne: Vioo vya Konokono

Walipoanza kupanda njia ya milimani, fundi ndiye aliyekuwa kwenye usukani na mpelelezi alikuwa kando yake akiandika. Nyuma yao karavani la kuazima lilifuata likiyumba kidogo: chumba cha bati juu ya magurudumu mawili, dirisha moja lenye pazia, na tangi la maji lililogonga kila walipopita kwenye shimo. Mkandarasi wa barabara alilitumia kama ofisi. Alikubali kuwaazima kwa sharti moja, kwamba lirudi na pande zake zote nne.

"Andika," fundi alisema. "Kupanda, gia ya pili. Mwendo ishirini. Gari linanung'unika lakini linakwenda."

"Nimeandika."

"Andika pia kwamba fundi hajanywa chai tangu asubuhi."

"Hilo halisomwi mahakamani, fundi."

"Basi mahakama haina utu."

Fundi alikuwa fundi magari wa kituo cha polisi alikofanya kazi mpelelezi, mrefu, shingo imepinda kwa miaka mingi ya kulala chini ya magari ya serikali. Mpelelezi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza puani. Kituoni walimwita Mama Kwanini. Zamani walimwita hivyo akishawapa kisogo. Siku hizi walimwita usoni, naye aliitika.

Siku nne nyuma, katika njia hiyohiyo, kwenye kona ya saba ukiwa unateremka, karavani kama hilo lilipiga mkia, likafagia ukingo wa barabara na kumwua mfyeka nyasi, kisha likalala ubavu. Mwenye karavani alikuwa fundi miwani, mzee aliyekuwa akizunguka kutoka soko hadi soko, akipima watu macho humo ndani na kuwatengenezea miwani. Askari wa kwanza kufika alimkuta amesimama kando ya mlango wa gari. Hata kabla hajaulizwa alisema: "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nilichelewa kushika breki. Kosa ni langu." Kituoni aliyarudia maneno hayo mara tatu, bila kuongeza wala kupunguza. Mkewe, aliyekuwa naye safarini, alikutwa amekaa juu ya jiwe amejiinamia.

Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake kesho yake. "Mtu amekiri kwa kinywa chake," alimwambia mpelelezi. "Unatafuta nini tena?"

Alichokuwa akitafuta kilianza na jina. Sokoni, fundi miwani hakujulikana kwa jina jingine ila Konokono. Kwanza kwa sababu alibeba nyumba yake mgongoni, pili kwa sababu ya mwendo. Miaka kumi na tisa alikokota karavani lile, na madereva waliomfuata nyuma walimlaani miaka yote kumi na tisa. Muuza vitambaa mmoja alisema angeweza kufunga duka, kula na kuosha vyombo kabla Konokono hajamaliza kupita mbele yake. Sasa, katika fomu ya askari wa barabarani, kwenye mstari ambao kwa kawaida hakuna anayeusoma, paliandikwa: *Gia: ya nne.*

Konokono ateremke mlima kwa gia ya nne? Kwa nini?

Mwanzoni walishuku kiungio, kile kikombe cha chuma kinacholikamata tufe lililo nyuma ya gari. Fundi alikaa nacho siku mbili. Kilikuwa kimepinda lakini kimefunga kikafungika. Mnyororo wa akiba ulikuwa mzima. Breki za karavani zilishika, matairi hayakuwa na kasoro. Hospitali nayo ilileta majibu: damu ya Konokono haikuwa na tone la pombe.

"Chuma hakina kosa," fundi alikuwa amesema, akijifuta mikono. "Limebaki la mtu."

Ndiyo maana asubuhi ile walikuwa wakipanda mlima.

Walipofika juu, fundi aliegesha kwenye uwanda, akashuka na kuzunguka gari. "Sasa zamu yako, afande. Ukitaka kumjua dereva, kaa alipokaa."

Mpelelezi alipanda, akavuta kiti mbele mpaka miguu ikafika kwenye klachi. Alitazama kioo cha pembeni, kile kirefu cha ziada kinachofungwa wakati wa kukokota, akaona mawingu. Akatazama cha upande wa pili, akaona mawingu mengine.

"Karavani liko wapi?"

Fundi alicheka. "Vioo ni kama viatu, mama. Cha mwenzako hakikufai. Mimi na wewe tumepishana kichwa kizima." Alishuka tena, akavielekeza kimoja kimoja huku akiuliza, hapo je, na hapo, mpaka mpelelezi alipouona ubavu wa karavani wote, kuanzia kona ya bati hadi gurudumu. "Usipouona ubavu wake huwezi kujua linafanya nini. Na ukishajua kwa mgongo kabla ya kujua kwa macho, umechelewa."

Wakaanza kuteremka. Kona mbili za kwanza zilipita vizuri. Kabla ya ya tatu barabara ilinyooka kidogo, naye akajiona anaweza. Gari lilikuwa likivuma kwenye gia ya pili, akaona huruma, akapandisha ya tatu. Mara akahisi kitu kikimsukuma kiunoni, polepole, kama mtu kwenye foleni anayetaka kupita. Kona ikawadia. Mguu wake ukaenda wenyewe kwenye breki.

"Usiguse."

Fundi hakupaza sauti. Mpelelezi aliuinua mguu. Katika kioo aliona nyuma ya karavani ikitoka nje ya mstari, ikafika kwenye changarawe za ukingoni, ikarudi. Kona ikaisha. Alirudisha gia ya pili bila kuambiwa.

"Na kama ningeshika?" aliuliza hatimaye.

"Ungeshika, gari lingesimama, lakini mzigo haujui kwamba gari limesimama. Ungeendelea kuja. Kwa kuwa uko kwenye kona, ungekuja kwa ubavu. Breki hushikwa kabla ya kona. Ndani ya kona unakwenda kwa ulichojiwekea."

"Na gia?"

"Kila mwanafunzi hupandisha gia mteremkoni. Anadhani kelele ile ni gari kuumia, kumbe ndiyo inayomshikilia."

Kwenye kona ya saba walisimama na kuweka vizuizi. Ukingo ulikuwa mpana, umeota nyasi hadi kiunoni. Upande mmoja zilikuwa zimefyekwa vizuri, zimelazwa kwa mafungu yaliyokwisha kukauka. Upande wa pili zilikuwa bado zimesimama. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mstari ulionyooka mahali mtu yule alipoishia. Mpelelezi aliutazama kwa kitambo. Kisha akachukua utepe na kuanza kupima alama za matairi, fundi akiushika upande wa pili.

Alama hazikuanza kabla ya kona. Zilianza katikati yake.

"Mtu wa miaka kumi na tisa hashiki breki hapa," fundi alisema.

"Anaweza kushtuka."

"Moyo wake unaweza kushtuka. Mguu wake hapana. Mguu umeshazoea."

Mpelelezi aliandika vipimo, akapiga picha za barabara, na kwa kuwa bado palikuwa na mwanga mzuri akapiga na picha ya karavani la mkandarasi, ili kulinganisha urefu. Alama zile angeweza kuziacha yeye mwenyewe. Jambo hilo lilimkaa kichwani kama mwiba njia nzima ya kurudi.

Walipofika kituoni hakuingia ofisini. Alivuka ua hadi kwenye kibanda cha vielelezo, mahali gari la Konokono lilipokuwa limefunikwa turubai. Lilikuwa limenyanyuliwa kwa kreni kutoka barabarani, likashushwa kwa kreni pale. Aliuliza mlinzi, akatazama daftari la sahihi. Tangu ajali, hakuna aliyekuwa ameketi ndani yake.

Alivaa glavu, akafungua mlango na kuingia. Hakugusa kitu. Aliegemea kiti, akaweka miguu chini, na miguu ikafika. Akainua macho kwenye kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha kile cha ndani.

"Fundi," aliita. "Njoo usimame nyuma, pale ambapo karavani lingekuwa. Ubavu wa kulia."

Fundi alisimama.

"Nenda kushoto."

Akaenda. Katika kila kioo mpelelezi alimwona kuanzia kofia hadi viatu.

Alishuka, akapima umbali kutoka kiti hadi usukani, akapiga picha kila kioo kwa pembe yake. Alipomaliza kuandika, alimwomba fundi ajaribu kuketi. Fundi aliingiza mguu mmoja, goti likagonga chini ya usukani. Alijaribu kuinama, kifua kikakwama. Akatoka kama alivyoingia.

"Konokono ana urefu gani?" aliuliza huku akijipangusa goti.

"Amekupita kidogo."

"Labda alikisogeza kiti baada ya ajali. Alikuwa akitafuta kitu chini."

"Kiti, nakubali," mpelelezi alisema. "Na vioo vitatu?"

Fundi alilichukua turubai akaanza kulifunika gari, polepole, akilivuta pembe kwa pembe.

*

Konokono aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa tisa alasiri. Aliinama kuupita mlango, akanyoosha mkono akalipata egemeo la kiti, akakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Ni yule yule wa juzi?"

"Ni mimi."

Mpelelezi alipanga picha mezani akamwuliza habari za barabara. Mzee alijibu kwa adabu. Siku zote walikuwa wakipita njia ya bondeni. Siku ile daraja la bondeni lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, ndipo wakapita mlimani. Ndiyo, yeye ndiye aliyeendesha. Ndiyo, alichelewa kushika breki. Alipokuwa akizungumza aligeuza uso kidogo upande, kama kuku anavyoitazama punje, na macho yake yakatua kando ya kichwa cha mpelelezi, juu kidogo ya sikio.

"Miwani yako inateleza," alisema ghafla. "Naisikia unavyoipandisha. Ukinipa nitaikaza."

Mpelelezi alimpa. Mzee aliusugua mkono wa miwani kati ya viganja mpaka ukapata joto, akaukunja kidogo kwa kidole gumba, akaupapasa, akaukunja tena. Muda wote huo alikuwa ametazama ukutani. Alipoirudisha, ilikaa puani kama imezaliwa pale.

"Asante, mzee. Hebu nisaidie jambo moja." Alisogeza picha iliyokuwa juu. "Karavani lako lilikuwa na tangi la maji hapa nyuma, au ubavuni?"

Mzee aliinamia picha. "Ubavuni. Hilo hapo, unaliona mwenyewe."

Mpelelezi alitazama chini. Alikuwa amesogeza picha isiyo yenyewe. Ile ilikuwa ya asubuhi, karavani la mkandarasi, lenye tangi lake nyuma na maandishi mekundu ya kampuni ubavu mzima. Aliduwaa kidogo. Kisha akachukua fomu ya chakula cha mahabusu, karatasi tupu yenye mistari, akaiweka mahali pa picha.

"Na hii je? Ni mlango wa karavani lako?"

"Ndiyo," mzee alisema. "Ndio huo."

Nje mtu alikuwa akipiga chapa kwa vidole viwili. Mpelelezi aliona haya, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani.

"Mzee," alisema taratibu, "nimekuonyesha karatasi tupu."

Konokono hakushtuka. Alirudi nyuma kwenye kiti, mikono mirefu akaiweka mapajani.

"Tangu lini?" mpelelezi aliuliza.

"Kuona vibaya, mwaka wa tatu. Kutoona, mwaka na nusu." Alinyoosha kidole kati ya macho yake. "Hapa katikati pamekufa. Nikikutazama uso, uso haupo. Nikitazama ukuta, nakupata kidogo, kama moshi. Daktari alisema hakuna miwani ya ugonjwa huu. Aliniambia mimi, fundi miwani. Nilimshukuru, nikalipia, nikaenda zangu."

"Na kazi?"

"Kukata lenzi ni vidole. Kupima macho, mke wangu alikuwa akisimama nyuma yangu ananinong'oneza herufi ambazo mteja amekosea. Watu walidhani tunapendana sana." Alitabasamu kidogo. "Tunapendana. Lakini niambie, mama, nani atanunua miwani kwa kipofu?"

"Nani alikuwa anaendesha, mzee?"

"Mimi."

"Mzee."

"Andika mimi," Konokono alisema. "Kuna shida gani? Mtu amekufa, na mtu amekubali kosa. Yeye hakutaka kupita njia ile. Mimi nilimwambia nitakuwa nikimwambia gia. Kisha nikasinzia. Nilisinzia, mama, niliyeahidi kuwa macho yake. Kosa hilo ni la nani?"

Mpelelezi alifunga kalamu, akatoka.

Mke wa Konokono alikuwa kwenye benchi la ukumbini, pale alipokuwa akikaa kila siku tangu ajali, na kikapu chenye nguo safi za mumewe magotini. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Mpelelezi alikuwa amempita mara nyingi mno siku zile nne. Alikuwa amemsalimia kila mara. Sasa aliketi kando yake.

"Dada," alisema, "ni wewe uliyekuwa kwenye usukani?"

Mwanamke yule alimgeukia. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Siku nne nimekaa hapa," alisema. "Nilijiambia, wakiniuliza sitawadanganya. Hakuna aliyeniuliza. Wananipa maji, wananiambia pole, mama, wanapita."

Mama Kwanini alisimama, akamfungulia mlango wa chumba cha mahojiano.

Walipoingia ndani, mwanamke alizungumza bila kukatizwa, na mumewe alisikiliza ameinamisha kichwa. Alijifunza gari kwenye uwanja mtupu, mwaka na nusu nyuma, mumewe akimfundisha kwa mdomo. Leseni hakuwa nayo. Aliogopa kwenda kuitafuta, maana angeulizwa kwa nini mwanamke wa umri wake anataka ghafla kukokota karavani, naye hajui kusema uongo mrefu. Njia ya bondeni aliizoea. Siku ile gari lilianza kuvuma kwenye mteremko, akaona linaumia, akapandisha gia, kisha tena. Mumewe alikuwa amelala. Hakutaka kumwamsha.

"Mlipofika kwenye kona?"

"Nilimwona yule ndugu. Alikuwa akifyeka. Akasikia gari, akasimama wima, akainua mkono kutusalimia." Aliukunja upindo wa kitambaa chake. "Nami nikainua wangu kumjibu. Mkono mmoja ukawa juu na mmoja kwenye usukani, kona nikawa nimeshaingia. Ndipo nikashika breki."

Konokono aliinua kichwa. "Hukuniambia hilo."

"Ningekuambiaje? Uliamka ukaniambia, sogea, toka, kaa mbali na gari, usiseme kitu. Ukasimama pale mlangoni unapapasa kishikio. Sikuwa na nguvu ya kubishana nawe, mume wangu."

"Alikusalimia," mzee alirudia, polepole.

"Alitusalimia sote wawili."

Mzee alinyoosha mkono juu ya meza. Haukulenga, ulitua kwenye picha. Mkewe aliusogeza wake mpaka ukakutana na wa mumewe. Mpelelezi alijishughulisha na karatasi zake.

Aliandika maelezo mapya mwanzo hadi mwisho, akamsomea mwanamke kwa sauti, mwanamke akasahihisha mahali pawili: jina la daraja, na kwamba mkono aliouinua ulikuwa wa kulia. Akatia sahihi. Kwenye mstari wa dereva mpelelezi alilikata jina la mzee kwa rula na kuliandika la mkewe. Kwa Konokono palibaki kosa la kutoa maelezo ya uongo na la kumwachia gari mtu asiye na leseni. Aliandikiwa dhamana hadi Jumatatu. Mkewe angebaki.

"Mjane wake anaishi wapi?" mwanamke aliuliza kabla hajachukuliwa. "Yule ndugu."

"Si mbali na pale."

"Mwambie ni mimi. Asije akamchukia mtu mwingine bure."

"Nitakwenda mwenyewe jioni hii," mpelelezi alisema.

Mwanamke alimpa mumewe kikapu cha nguo, akakirekebisha mkononi mwake, akamwambia shati la bluu liko juu na soksi ziko chini, na kwamba dada wa mzee, aliyepigiwa simu, anamsubiri getini. Kisha akafuatana na askari wa kike bila kugeuka nyuma. Konokono alisikiliza nyayo zake hadi mlango wa mwisho ulipofungwa.

Mpelelezi alimpa mkono wake. Mzee aliushika juu ya kiwiko, wakapita ukumbini, wakawapita watu waliokuwa kwenye foleni ya vitambulisho, baadhi yao wamevaa miwani aliyowatengenezea yeye. Watu wawili walimwita kwa jina lake la sokoni, yeye akainamisha kichwa kuitikia. Kwenye kizingiti cha mlango mkubwa alisimama. Jua la jioni lilimpiga usoni. Aliupapasa ukingo kwa ncha ya kiatu.

"Ngazi ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote.

"Tatu," mpelelezi alisema, na wakaanza kushuka.